Mimba ya Barabara

Mstari wa chokaa ulipanda barazani kwangu asubuhi, nami nimo ndani nimekaa eda ya mume wangu. Nilisikia mnyororo wa kupimia ukiburutwa juu ya saruji, kopo likigongwagongwa, kisha sauti ya mtu wa Unguja, laini, ikisema, "Hapa. Kuanzia hapa kuja huku kutaondoka." Nikachungulia kwenye ufa wa dirisha. Mstari ulikuwa mweupe pepepe, umenyooka kutoka kwa jirani wa juu, umeipasua baraza yetu na kupita karibu kabisa na kizingiti cha mlango.

Nilikuwa na mengi ya kumwambia mwenye sauti ile. Lakini mwanamke aliye edani hatoki nje kugombana na wanaume, na mimi, pamoja na ukali wangu wote, sikulelewa kuvunja eda kwa ajili ya baraza. Nilikaa juu ya mkeka nikawasikiliza wakiipima nyumba yangu kama watu wanaopima sanda.

Shemegi yangu Nyange alikuwa pamoja nao, na huyo ndiye aliyeniudhi zaidi. Nilimsikia akisema, "Kaka mwenyewe ndo alotaka njia hii. Fanyeni kazi yenu, msione taabu." Ubaya wa maneno yale ni kwamba yalikuwa kweli.

Mume wangu Jaribu alikuwa dereva wa basi la Vitongoji. Babu yao alikuja kisiwani kutoka bara kuchuma karafuu akasahau kurudi, na wajukuu zake wawili, Jaribu na Nyange, walizaliwa hapa hapa Madungu, wakisema Kipemba kunishinda mimi wa Wambaa, Mpemba wa asili. Shamba hawakuwa nalo. Jaribu alinunua kiwanja kidogo kando ya njia kuu, akajenga nyumba ya mawe na udongo, akaezeka makuti, kisha akatumia saruji yote aliyoipata kujenga baraza pana kuliko haja. Nilimuuliza kwa nini baraza iwe kubwa kuliko chumba. Akaniambia mtu asiye na minazi lazima awe na mahali pa kuwakaribisha wenye minazi.

Basi lake lilikuwa la bodi ya mbao, lenye viti vya mabao na turubai madirishani, na alilipenda mno. Hata zile siku watu walipoanza kususiana kwa siasa, huyu hapandi gari la yule, yeye alipakia kila mtu, akawaambia wagombane wakishashuka. Kitu kimoja tu kilimtoa matusi, nacho ni majamvi.

Asiyeijua Pemba ya msimu wa karafuu hawezi kulielewa hili. Mwenye shamba kubwa alikuwa na sakafu yake ya kuanikia. Sisi wengine tulianika barabarani. Barabara ilikuwa kavu, ina joto, na haina mwenyewe. Jamvi lilifuata jamvi kutoka Madungu hadi karibu na mjini, na pembeni wanawake wamekaa wanachambua karafuu kutoka kwenye makonyo, vile vijiti vyake, kuku wanafukuzwa, gari za ng'ombe zinapita zikiinama upande mmoja. Basi la Vitongoji likifika hapo lilitambaa. Utingo hushuka, akaenda mbele kwa miguu kuomba jamvi moja baada ya jingine likunjwe. Na kwetu huwezi kumwambia mtu akunje jamvi bila ya kumwamkia kwanza, ukamuuliza hali yake, na hali ya mamake, na yule mtoto aliyekuwa na kikohozi anaendeleaje. Nyuma, ndani ya basi, mgonjwa wa kwenda hospitali amelazwa juu ya magunia, naye ana mama pia, lakini wa kumuulizia hakuna.

Kila mwaka Jaribu alivaa kanzu yake ya Ijumaa akaenda ofisi ya barabara kusema neno moja: basi lipewe njia yake peke yake. Majamvi upande huu, basi upande ule, na pawe na mstari, na asiyefuata mstari atozwe faini. Mabaraza yote ya Madungu yalimjua kwa wimbo huo. Kwa fikra zake njia ile ingepita ng'ambo, pembezoni mwa sakafu ya Bwana Ahmada, mwenye shamba, sakafu ambayo kwa sehemu kubwa ya mwaka hulala bure ikichezewa na mijusi. Haikumpitikia kabisa kwamba mtu akiwa na kalamu ya kuamua upande gani ubomolewe, hatoanza na upande wa Bwana Ahmada.

Alikufa kwa homa katika masika. Ofisi ikakubali maombi yake wakati kaburi lake halijaota majani. Watu wakasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Mimi nilisema yeye hakuingia, nimeingia mimi.

Siku ile ile ya chokaa, baada ya alasiri, walibisha hodi. Nikateremsha pazia la mlango wa ndani nikawakaribisha ukumbini. Bwana Duni, yule mpima wa Unguja, alinipa mkono wa rambirambi kwa maneno, vizuri sana, kisha akaeleza kazi yake. Nyumba haivunjwi yote. Baraza itaondoka na ukuta wa mbele utarudishwa nyuma, na warithi watapata fidia. Watu wa upande wetu wote walikwisha kukubali.

"Kwa heshima ya msiba," alisema, "idara haitagusa hata jiwe mpaka eda yako ishe, Bi Mwatima. Kwa hivyo nakuuliza tu ili nipange kazi. Inakwisha lini?"

"Sijui."

Nyange akacheka puani. "Vipi hujui, shemegi? Miezi minne na siku kumi. Watoto wa chuoni waijua."

"Hiyo ni ya nke asokuwa na mimba," nikasema.

Nakumbuka kuku alikuwa anataga uani na kelele zake zikawa ndizo mazungumzo.

Sikuwa nimemwambia mtu. Niliijua mimba ile tangu wiki za mwanzo za eda, kwa kichefuchefu na kwa mambo mengine ambayo mwanamke huyajua, lakini nilifunga kinywa. Tulikaa miaka na miaka na Jaribu bila ya mtoto. Mara mbili huko nyuma nilitangaza kwa furaha, majirani wakaniletea asali na mayai, halafu damu ikaja nikabaki na mayai ya watu. Safari hii nilitaka kulinda kinywa changu mpaka tumbo lijisemee lenyewe. Mstari wa chokaa haukunipa nafasi hiyo.

"Shemegi," Nyange akasema, na sauti yake haikuwa ya mchezo tena, "kaka kaishi na weye umri wote huo, hamkupata kitu. Leo kafa, nyumba yataka kupimwa, ndo wapata mimba? Hiyo mimba si ya kaka. Hiyo mimba ya barabara."

Akatoka. Bwana Duni akabaki akikohoa kidogo, hajui aage vipi, mwisho akasema, "Mungu atie kheri," akatoka naye. Hata magharibi haijaadhiniwa, Madungu nzima ilikuwa na jina la mimba yangu.

Nisimsingizie Nyange ubaya kuliko aliokuwa nao. Alikuwa mchumaji karafuu, anapanda mikarafuu ya watu, analala kwenye chumba cha watu, na alikuwa anampenda kaka yake. Wazee wao walikwisha kutangulia. Bila ya mtoto, mimi nilikuwa napata robo ya ile nyumba, na yote iliyobaki ni yake, na fidia pamoja. Nikizaa mwanamume, Nyange hapati hata msumari. Nikizaa mwanamke, mtoto ana nusu, mimi nina thumuni, fungu moja katika manane, na mabaki ndiyo yake. Kwa hiyo yeye alikuwa anaona nyumba inayeyuka mbele ya macho kwa neno la mwanamke aliyewahi kukosea mara mbili. Na juu ya hayo aliamini kweli kwamba anatimiza wasia wa marehemu. Mtu mwenye haja na mwenye wasia kwa pamoja humwezi kwa maneno.

Alimpelekea habari Shehe Msellem, aliyekuwa akitugawia mirathi watu wa mtaani. Shehe akaja na Bi Mwanawema, mkunga. Bi Mwanawema aliingia ndani, akanilaza, akanipapasa kwa vile vidole vyake vikavu, akanitazama macho na kucha. Nilimtazama usoni nikitafuta hata tabasamu. Hakunipa. Akatoka ukumbini akasema, "Tumbo halijasema, Shehe. Nami siwezi kulisemea."

"Nileteeni msahafu," nikasema nyuma ya pazia. "Nitaapa."

"Sikutaki kiapo, binti yangu," Shehe Msellem akajibu. "Kwa lililomo tumboni mwa nke, nke ndo mwenye kuaminiwa. Hivyo ndivyo ilivyo. Umesema una mimba, basi eda yako mpaka uzae, na mirathi haigaiwi."

Sheria iliniamini kabla ya watu. Ni faraja, sisemi si faraja, lakini ni faraja ya baridi. Mtu huaminiwa na kitabu, na bado akasikia wasichana wanapita chini ya dirisha lake, mmoja amejitia mto ndani ya kanga anatembea kwa kutweta, wenziwe wanamwimbia honi ya basi. Nilisikia kila kitu mimi. Kukaa eda ni kukaa na masikio. Jirani yangu mmoja, ambaye jina lake nalihifadhi kwa kuwa wajukuu zake wananiamkia, alikuwa akisema kwa sauti makusudi nimsikie: "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja." Nikamjibu kupitia ukutani kwamba hili laja kweli, na likija litakuwa na kichwa na miguu.

Kwa ujumla nilijibu vizuri mchana. Lakini usiku kuna jambo liliniuma. Nilikuwa nimelingoja neno moja tangu nilipoolewa. Neno ambalo wenzangu waliambiwa hata kwa mtoto wa saba, wakalipokea huku wanachambua mchele. Hongera. Mimba yangu ilijulikana na kila mtu, kuanzia Madungu hadi Vitongoji, ilijadiliwa barazani na ndani ya basi na ofisini, na hakuna hata mtu mmoja aliyenipa hongera. Walikuwa wanauliza tu itaathiri nini.

Ofisini nako kulikuwa na mashaka yao. Bwana Duni alikuwa amepanga kazi ianze eda ikiisha, kabla ya msimu. Sasa mzungu wake, mkuu wa ofisi, anamuuliza kwa nini barabara imesimama, naye amweleze kwamba mjane mmoja wa Madungu ana mimba au hana. Nimeambiwa mzungu aliuliza kama haiwezekani kumpima mjane kwa haraka zaidi. Bwana Duni alikuja tena kunisalimu, akasimama nje ya mlango, kwenye ile baraza aliyoitia mstari.

"Bi Mwatima, mimi sina ugomvi na wewe," alisema.

"Wala mie sina ugomvi na basi," nikamjibu. "Mume wangu alilia kwa njia hiyo mpaka kafa. Ipitisheni. Lakini ng'ambo pana sakafu imelala na huku pana watu wamelala. Weye msomi, chagua."

Aliaga akaenda zake, ila sidhani kama alinipuuza. Mwisho ilibidi wahamie ng'ambo. Karafuu zilianza kuiva, mwaka ulikuwa mkubwa, na Bwana Ahmada mwenyewe alikumbuka kwamba gari zake za kupeleka mzigo mjini hupita kwenye majamvi yale yale. Akakubali njia ya basi ipite ukingoni mwa sakafu yake kwa msimu mmoja tu, kwa hisani, na mara mwanamke wa Madungu akishazaa au akishaumbuka, njia irudi upande wetu kama ilivyochorwa. Wakatia chokaa ng'ambo, wakapanga na mawe. Mstari wa barazani kwangu mvua za vuli ziliufuta, Bwana Duni akauandika upya, kwa adabu, kama mtu anayedai chake.

Basi ile njia ikafanya kazi. Nisiwe mnafiki. Nilisimama kwenye ufa wa dirisha, tumbo limegusa ukuta, nikaliona basi la Vitongoji linatokea kwenye kona. Majamvi yote yalikuwa upande huu wa mawe, wanawake wanachambua hawakuinua hata macho. Basi likapita ng'ambo bila ya kusimama, bila ya utingo kushuka, bila ya kumuuliza mtu habari za mamake. Lilipita upesi hata nikashtuka. Dereva alikuwa kijana mgeni, na kiti kilikuwa kile kile. Nilikaa chini nikamlilia Jaribu kilio ambacho siku ya mazishi sikukipata, maana siku ya mazishi nyumba imejaa watu na mtu huwa analia na wenzake. Alikuwa na haki, mume wangu. Alikuwa na haki miaka yote ile, na mimi nilikuwa namwambia avue kanzu ale chakula kinapoa.

Bi Mwanawema alikuwa akija kila akipata nafasi. Wakati wa kuanza kwa vuli aliniwekea sikio tumboni, akakaa hivyo kwa muda, akanyanyua kichwa. "Kalala ubavu wa kulia," akasema, "na ana ubishi kama wako." Alipotoka nje hakutangaza kitu, alisema tu kwa jirani kwamba anataka kumtafutia Mwatima mafuta ya nazi mabichi ya kukandia. Ikatosha. Kutoka siku ile wasichana hawakupita tena na mto. Kimya kikaingia mtaani, na mimi nilijua tofauti ya kimya na kuomba radhi. Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Lakini ile yangu ilikuwa kazi, nawaambia.

Nyange hakuonekana. Alikuwa mashambani, mwaka ule mikarafuu ilizaa hata ikavunja matawi.

Nilizaa mchana wa jua kali, nyumba nzima inanuka karafuu kutoka barabarani. Sina haja ya kusimulia uchungu, kila mwanamke anao wake na kila mwanamume hataki kuusikia. Alitoka mtoto wa kike, mweusi, mrefu, analia kwa hasira. Bi Mwanawema alimwosha, akamfunga, akamweka juu ya kifua changu. Halafu akasimama mlangoni akawaambia watu, "Nendeni mkamwite Nyange. Ntoto ataka kuadhiniwa."

"Kuna wanaume wengine," nikasema.

"Wapo. Lakini baba'ke kafa na ami yake yuhai. Sikioni mwa ntoto usitie mgeni."

Alikuja moja kwa moja kutoka mtini. Nilimwona anavua viatu nje, akasita kwenye baraza, mguu mmoja upande huu na mmoja upande ule wa mstari. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa utomvu wa karafuu. Alivipangusa kwenye kikoi, akavitazama, akavipangusa tena. Wanawake waliokuwemo ndani, pamoja na yule jirani wa lisemwalo lipo, walimpisha bila ya kusema kitu. Bi Mwanawema akampakatisha mtoto kama mtu anayemtwika mzigo asiotaka.

Nilikuwa nimejiapiza kwamba akija nitamuuliza, barabara hii niliyoizaa ina macho mangapi? Nilikuwa nimelitunga neno hilo kwa miezi. Lakini alipoinama kwenye sikio la kulia la mtoto na kuanza, neno liliniishia. Nyange alikuwa na sauti nzuri ya adhana, tangu utotoni, hata msikitini walimpa zamu. Alianza vizuri. Alipofika katikati sauti ikakatika. Akarudia pale pale, ikakatika tena. Kaka yake ndiye aliyemfundisha adhana, nilikuwa nalijua hilo, na kila mtu chumbani alilijua. Mtoto alikuwa amenyamaza anamsikiliza. Akamaliza kwa sauti ndogo, akahamia sikio la kushoto akakimu, kisha akabaki ameinamisha kichwa, machozi yanamdondoka juu ya kitambaa cha mtoto na yeye hayafuti.

"Hongera, shemegi," akasema.

Ni yeye aliyelisema, wa mwanzo. Katika watu wote. Nilijaribu kulipokea kama wanawake wanavyolipokea, kwa wepesi, sikuweza, nikageuza uso ukutani. Kisha wakalisema wote, chumba kizima, mmoja baada ya mwenzake, kama mvua iliyokuwa imekatazwa. Sikuwasikia sana wale wengine.

Tulimwita Moza.

Arubaini ilipopita Shehe Msellem akaja kugawa mirathi. Bwana Duni naye akaja, amevaa viatu vipya, kwa sababu msimu ulikuwa unakwisha na Bwana Ahmada alikwisha kuikumbusha ofisi juu ya sakafu yake. Tulikaa ukumbini, na mimi sikuwa na haja ya pazia la eda tena, nilijitanda buibui langu nikakaa karibu na mlango wa chumbani.

Shehe akaeleza mafungu, nusu ya binti, thumuni yangu, na iliyobaki ya ami yake. Nyumba haigawiki kwa shoka, akasema, lakini kwa kuwa pana jambo la barabara, ni lazima ijulikane nani ana upande gani. "Atakayepewa upande wa mbele, akiwa ntu nzima, anaweza kuiachia barabara na akachukua fidia yake. Upande wa mbele ukiwa wa ntoto, hayo hayapo. Mali ya yatima haikatwi kwa ajili ya gari, mpaka kwa kadhi, na kadhi atauliza kwanza kwa nini ile sakafu ya ng'ambo haitoshi. Mie fungu langu la shauri nimelitoa. Nyange, weye ndo mkubwa hapa. Sema unataka wapi."

Nilijua anachotaka. Nilijua anapolala. Fidia ile ingemjengea chumba chake mwenyewe, na hakuna ambaye angemlaumu, hata mimi, kwani ilikuwa haki yake kwa sheria ile ile iliyoniamini mimi. Aliinua macho akatazama mlango wa mbele, ulikuwa wazi, jua limelala juu ya baraza.

"Nipeni nyuma," akasema.

Bwana Duni akadhani hakufahamu. "Mzee Nyange, fidia iko mbele."

"Nafahamu."

"Nyuma pana nini?" Shehe akamuuliza, kwa upole, kwa kuhakikisha.

"Pana jiko, na choo, na migomba miwili." Watu wakacheka kidogo, naye akacheka. Halafu akaacha. "Nitajijengea banda kwenye migomba, Inshallah. Mbele mwachieni ntoto. Akipata akili akae barazani, alitizame basi la baba'ke likipita ng'ambo."

Bwana Duni alifunga karatasi zake taratibu. Shehe Msellem akasema, "Basi imekwisha," akaanza kuomba dua, na wote wakafungua mikono. Nilingoja waseme amina. Kisha nikaingia chumbani, nikamtoa Moza kitandani akiwa bado na usingizi, nikatoka naye nikamweka mapajani mwa ami yake.